Kwangu Chini, Kwake Juu

Duka la Bwana Fausto linanukia gundi na mbao mbichi.
Mawe yake huyafunua kama muuza vitambaa:
"Hii ni marumaru ya Estremoz, Dona Leonilde, ya waridi,
ina mishipa, tazama, kama mkono wa mtu.
Hivi vigae vya bluu na nyeupe, mtindo wa kale uliorudi.
Na huu mwaloni wa kijivu ndio wanaougombania vijana wa Lisbon."
Nikauliza bei ya waridi.
Akakohoa kwanza. Nikajua.

Nikaazima sampuli nane, kila moja ukubwa wa kitabu cha sala,
nikazipandisha ghorofa tatu, mvua ya Coimbra mgongoni,
nikazitandaza sebuleni juu ya zulia la plastiki
ambalo Valdemar alilibandika mwaka wa ndoa yetu
na ambalo, kama yeye, lilianza kuinuka pembeni kabla ya kung'oka.

Wiki nzima nimeishi nazo.
Bluu hupendeza asubuhi, jioni inachoma jicho.
Mwaloni wa kijivu, nikiutazama sana, naona ofisi ya kodi.
Marumaru nimeikanyaga bila soksi alfajiri:
baridi ilipanda hadi kwenye meno.
Paka alikikalia kipande cha nane, akakataa kuhama.

Kipande cha nane ni gome,
la mti uleule wa vizibo vya mvinyo,
limesagwa, likashindiliwa, likapakwa nta,
rangi ya mkate ulioiva, basi.
Fausto alikitia mfukoni mwisho, kama muuza samaki anayeongeza limau.
"Hakina makeke," alisema, "ila kinameza sauti.
Ukiangusha sufuria, jirani hatajua kama umepika."

Kinameza sauti!
Nikamkumbuka Mzee Adelino wa chini yangu, fundi saa mstaafu,
miaka kumi na tisa anavumilia viatu vyangu, viti vyangu,
na usiku ule wa masanduku kuburutwa hadi mlangoni.
Sikuwahi kumwomba radhi.
Nikaona hapa urembo na ujirani mwema vimekutana,
nikashuka na kipande mkononi, nikijisikia mtu wa maana.

Alikigonga kwa ukucha. Akakiweka sikioni
kama saa iliyokufa.
"Kizuri," akasema. "Kizuri mno."
Akanirudishia.
Akanyamaza muda wote wa kahawa kuchemka,
kisha akasema, macho yake darini, si kwangu:

"Saa moja kasorobo unaamka.
Mguu wako wa kushoto mzito kuliko wa kulia.
Hatua sita mpaka dirishani. Hapo unasimama, sijui unatazama nini.
Jumapili kiti kinaburutwa: umepata mgeni, au umemkosa.
Tangu Otília afariki, saa zote humu ndani
nimeziacha zisimame, sina haja nazo.
Ukiweka hicho, binti yangu,
mimi nitajuaje kwamba kumekucha?"

Nikapanda ngazi, ulimi umeungua kwa kahawa.
Sampuli zilikuwa palepale, kama karata za mchezo ulioachwa katikati.
Nilidhani nachagua kitu cha kukanyaga.
Kwangu chini, kwake juu:
kitendawili nimekikalia miaka kumi na tisa, wala sikujua nimetegewa.

Jumatatu nikampigia Fausto.
Msonobari, nikasema. Mbao pana, za kawaida.
"Hizo hulia, senhora. Kila hatua zitakusema."
Najua.
Chumbani weka gome; siku hizi huko hakuna cha kusikika.
Akacheka, kisha akajuta kucheka, akataja bei haraka.

Marumaru ya waridi nimeibakiza kipande kimoja,
naiwekea birika la moto. Nimeilipia.
Na jana, nikitoka sokoni, nimenunua viatu
vyenye kisigino cha mbao, si kirefu,
cha kutosha hatua sita.